Kwa Nini Nazi Huganda na Alizeti Haigandi: Jeni Zinazopanga Mafuta ya Mbegu

Mtu anayesafiri na chupa ya mafuta ya nazi kutoka Tanga kwenda Njombe mwezi wa Julai huanza safari akiwa na mafuta yanayomiminika na kuimaliza akiwa na kitu cheupe kinachohitaji kijiko. Chupa ya alizeti iliyo kwenye kapu lile lile hubaki kama ilivyokuwa. Mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi, ilhali ya alizeti huvumilia baridi ambayo Njombe haiijui. Tofauti hiyo haikuletwa na mashine ya kukamulia. Ilikuwamo ndani ya mbegu tangu ilipokuwa ikijaa, na iliamuliwa na jeni chache ambazo sasa zinafahamika vizuri kiasi cha kuelezwa bila fumbo.

Makala hii inahusu jeni hizo, na ina dhana moja ya kurekebisha. Msomaji wa maandishi ya kwenye chupa anapokuta maneno kama “alizeti yenye oleiki nyingi” hudhani kwamba mbegu hiyo ina jeni ya ziada inayotengeneza mafuta bora. Kwa sehemu kubwa mambo ni kinyume chake: mbegu hiyo ina jeni iliyozimwa. Namna jeni ilivyozimwa ndiyo inayoamua sifa hiyo itarithiwaje, mkulima ataipoteza kwa njia gani, na mzalishaji wa mbegu atahitaji vizazi vingapi kuipata.

Tuanze na mafuta yenyewe. Sehemu kubwa ya mafuta ya mbegu ni trigliseridi, yaani molekuli yenye uti mfupi wa gliseroli ambao umeshikwa na asidi mafuta tatu. Asidi mafuta ni mnyororo wa kaboni, na kwa mjadala wetu ina sifa mbili tu za kuangalia: urefu wake, na idadi ya mahali ambapo kaboni mbili zimeshikana kwa kifungo maradufu. Mnyororo usio na kifungo maradufu umenyooka, na minyororo ya namna hiyo hulala pamoja kama kuni zilizopasuliwa vizuri, ikabanana na kuganda. Kila kifungo maradufu huupinda mnyororo, na mzigo wa kuni zilizopinda haukazi hata uufunge kwa kamba mbili. Katika jamii ya kaboni 18, asidi ya steariki haina kifungo maradufu hata kimoja, ya oleiki ina kimoja, ya linoleiki ina viwili na ya linoleniki ina vitatu. Alizeti ya kawaida imejaa linoleiki, kati ya asilimia 48 na 74 kwa mujibu wa viwango vya kimataifa vya Codex. Nazi imejaa asidi ya lauriki, yenye kaboni 12 tu na isiyo na kifungo maradufu.

Minyororo hiyo hujengwa ndani ya plastidi, ambazo ni vyumba vidogo vilivyomo katika seli za mmea, kwa kuongezewa kaboni mbili kila mara. Kazi ya kuongeza hukoma pale kimeng'enya cha kukata kinapoutenganisha mnyororo na mtambo unaoujenga. Katika mimea mingi kimeng'enya kinachoongozwa na jeni iitwayo FATB hukata sehemu ya minyororo ikiwa na kaboni 16, nayo huwa asidi ya palmitiki. Inayobaki huendelea hadi 18, huwekewa kifungo maradufu cha kwanza humo humo, kisha hukatwa na kimeng'enya cha jeni ya FATA na kutoka ikiwa oleiki. Mnazi una mkasi wa jamii ya FATB unaopenda kukata mapema, kwenye kaboni 12, na ndiyo sababu karibu nusu ya mafuta ya nazi ni lauriki.

Oleiki inapotoka nje ya plastidi hufika kwenye utando wa ndani wa seli ambako vimeng'enya vingine viwili vinaisubiri. Kimoja, kinachoongozwa na jeni ya FAD2, huweka kifungo maradufu cha pili na kuigeuza oleiki kuwa linoleiki. Kingine, cha jeni ya FAD3, huweka cha tatu na kutoa linoleniki. Mwishoni vimeng'enya vya kupakia huzipandisha asidi hizo kwenye gliseroli, na trigliseridi hujikusanya katika vitone vya mafuta ndani ya seli za mbegu.

Kabla ya kuendelea, mchikichi unastahili kutazamwa, kwa sababu unaondoa kosa ambalo wengi hulifanya wanaposikia neno jeni. Tunda moja la mchikichi hutoa mafuta mawili. Nyama yake ya nje hutoa mawese, ambayo takriban asilimia 44 ni palmitiki, na kiini kilicho ndani ya kokwa hutoa mafuta ya mise, ambayo karibu nusu ni lauriki kama ya nazi. Kigoma watu huyatenga kwa jina na kwa matumizi: mawese huenda jikoni, mise huenda zaidi kwenye sabuni. Jeni za kuyatengeneza yote mawili zimo katika seli za nyama na za kiini vilevile, lakini mkasi wa kaboni 12 husomwa kwa nguvu katika kiini na hausomwi hivyo katika nyama. Kuwa na jeni ni jambo moja, na jeni hiyo kusomwa mahali fulani na wakati fulani ni jambo jingine.

Sasa turudi kwa FAD2, ambayo ndiyo jeni inayobeba uzito mkubwa kuliko zote katika mjadala huu. Mfuatano wake ulichapishwa mwaka 1994 kutoka kwenye Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya haradali unaooteshwa maabara na usio na thamani yoyote sokoni. Tangu hapo wataalamu wameitafuta katika karibu kila zao la mafuta, na wameikuta. Sababu ya kuifuatilia ni ya kibiashara kuliko ya kitabibu. Linoleiki hushambuliwa na oksijeni kwa kasi ya takriban mara kumi ikilinganishwa na oleiki, na linoleniki hushambuliwa kwa kasi zaidi ya hiyo. Mafuta yenye vifungo maradufu vingi huchacha upesi dukani na huharibika upesi katika karai la kukaangia chipsi. Kwa miongo mingi viwanda vililitatua hilo kwa kuyaongezea mafuta haidrojeni, njia ambayo ilizaa mafuta ya trans, yanayodhuru moyo, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likayataka mataifa yote yayaondoe hayo katika chakula. Mbegu ambayo haitengenezi linoleiki nyingi tangu mwanzo hufika mahali pale pale bila kupitia kiwandani. Niongeze hapa kwamba mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea linoleiki na lazima uipate katika chakula, kwa hiyo anayepika mchicha na kuula siku hiyo hiyo hana sababu ya kuiona alizeti ya kawaida kuwa duni. Ubora wa oleiki nyingi uko hasa katika kukaanga na katika kuhifadhi.

Namna ya kwanza ya kuizima FAD2 ni kuivunja, na karanga ndizo zinazoionyesha vizuri. Karanga tunayoilima ni mtoto wa mimea miwili ya porini ya Amerika Kusini iliyochanganyika yapata miaka 10,000 iliyopita, na kila mzazi alileta seti yake nzima ya kromosomu. Kwa hiyo karanga ina FAD2 mbili za kwenye mbegu, moja kutoka kila upande, na moja ikifa nyingine huendelea na kazi. Katika karanga nyingi za kawaida jeni ya upande wa kwanza tayari ina kasoro: herufi moja ya DNA imebadilika, asidi amino moja katika kimeng'enya imekuwa nyingine, na kimeng'enya kimepoteza nguvu. Hakuna aliyeligundua hilo kwa kuonja, kwa kuwa jeni ya pili iliifunika. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Florida walitangaza aina iliyoitwa F435 ambayo oleiki yake ilifikia asilimia 80 na linoleiki yake ilishuka hadi asilimia 2 hivi. Ilikuja kuonekana baadaye kwamba katika F435 jeni ya pili nayo ilikuwa imeharibika, safari hii kwa herufi moja ya ziada iliyochopekwa katikati ya maandishi na kuyavuruga yote yanayofuata. Ajali mbili za asili zilikuwa zimekutana katika mmea mmoja. Kutokana nayo ilipatikana aina ya SunOleic 95R, ya kwanza ya namna hiyo kufikishwa kwa wakulima wa Marekani.

Hesabu ya urithi wa karanga hii ni ya Mendel, mwasisi wa elimu ya urithi, bila kupunguza wala kuongeza. Jeni iliyovunjika hukaa kimya ikiwa mwenzake ni mzima, kwa sababu nakala moja nzima hutosha kutengeneza kimeng'enya cha kufanya sehemu kubwa ya kazi. Ukichanganya karanga ya oleiki nyingi na ya kawaida iliyo nzima pande zote mbili, kizazi cha kwanza hurudi karibu na ukawaida. Kizazi cha pili ndicho kinachoanza kutoa zawadi, na ni punje moja tu katika kila 16, kwa wastani, inayokuwa na nakala zote nne, mbili kwa kila FAD2, zilizovunjika. Anayetafuta mbegu hiyo bila kifaa cha kupimia mafuta au DNA anatafuta sindano gizani, maana punje zote 16 zinafanana kwa macho na kwa ulimi. Kwa bahati njema karanga hujichavusha yenyewe, hivyo aina ikishatulia mkulima anaweza kuitunza mbegu yake kwa misimu mingi.

Alizeti ilifuata njia nyingine kabisa, na kwangu mimi hiki ndicho kisa kitamu kuliko vyote katika somo hili. Mwaka 1976 mtafiti wa Kisovieti aliyeitwa Soldatov, wa taasisi ya utafiti wa mazao ya mafuta ya Krasnodar, aliripoti kwamba alikuwa ametibu mbegu za alizeti kwa kemikali inayochokoza DNA, dimethili salfeti, na katika vizazi vilivyofuata akapata mimea yenye oleiki nyingi isivyo kawaida. Aina iliyotokana nayo iliitwa Pervenets, neno la Kirusi lenye maana ya mzaliwa wa kwanza, na karibu alizeti zote za oleiki nyingi zinazolimwa duniani hivi leo ni wajukuu wake. Wazalishaji wa mbegu walipoanza kuichanganya na alizeti nyingine waliona jambo lisilolingana na karanga: sifa ilijitokeza katika kizazi cha kwanza. Ilitawala badala ya kujificha.

Jeni iliyovunjika haina kawaida ya kutawala, kwa hiyo ilikuwa dhahiri kwamba humu hakuna kuvunjika kwa kawaida. Maelezo yalichelewa kwa takriban miaka 30, kwa sababu mwaka 1976 elimu ya kuyatoa ilikuwa haijazaliwa. Mwaka 1998 Andrew Fire na Craig Mello walionyesha, katika mnyoo mdogo wa maabara, kwamba RNA (molekuli inayobeba ujumbe wa jeni) yenye nyuzi mbili huifanya seli iikatekate RNA yote inayofanana nayo, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2006. Pervenets ilikuja kukutwa ikiwa na FAD2 yake nzima, na kando yake kipande cha FAD2 hiyo hiyo kilichojirudia. Mrudio huo huifanya seli izalishe vipande vidogo vya RNA ambavyo huusaka ujumbe wa FAD2 popote ulipo ndani ya seli na kuuharibu kabla haujatafsiriwa kuwa kimeng'enya. Hapo ndipo siri ya utawala ilipo: vipande hivyo havichagui. Nakala nzima iliyoletwa na mzazi wa kawaida nayo hutoa ujumbe wake, na ujumbe huo hukatwa vilevile. Katika karanga nakala nzima humfunika mgonjwa. Katika alizeti mgonjwa humwambukiza mzima.

Utawala huo si kamili. Kuna jeni nyingine katika alizeti zinazoweza kuupunguza makali, na ndiyo maana wazalishaji makini wa mbegu chotara huiweka sifa ya Pervenets kwa wazazi wote wawili, wakihakikisha kwamba oleiki inakaa ndani ya kiwango cha Codex cha alizeti ya aina hiyo, ambacho huanzia asilimia 75.

Kuna swali ambalo mkulima mwenye busara angeliuliza hapa: punje ya alizeti iliyo kwenye ua moja ni ya mama au ya baba? Ganda ni la mama. Kiini kinacholiwa, ambamo mafuta yamo, ni kiinitete, yaani mtoto, na mtoto ana jeni za pande zote mbili. Nyuki anaposhuka kwenye ua akiwa amebeba chavua ya shamba la jirani, punje atakazozichavusha zitakuwa na mafuta yanayoamuliwa na jirani pia, msimu ule ule, kabla hata hazijapandwa. Ua moja linaweza kubeba punje zenye mafuta ya namna mbili au tatu, na zote zikaenda kwenye mashine moja.

Jambo hilo hilo, ambalo kwa mkulima ni usumbufu, kwa mtafiti liligeuka kuwa chombo. Huko Kanada, katika miaka ya 1960, Keith Downey na Baldur Stefansson walikuwa wakiishughulikia rapa, zao ambalo mafuta yake yalikuwa na asidi ya erusiki karibu nusu. Erusiki ni mnyororo wa kaboni 22, unaopatikana jeni iitwayo FAE1 inapoirefusha oleiki, nayo iliwatia watu hofu kutokana na madhara yaliyoonekana kwenye mioyo ya panya wa majaribio. Rapa ni mtoto wa mimea miwili kama karanga: mzazi mmoja ni jamii ya kabichi na sukuma wiki, mwingine ni jamii ya chainizi. Kwa hiyo nayo ina FAE1 mbili, na kila nakala nzima huongeza erusiki kwa kiasi chake, hivyo mimea chotara hukaa katikati badala ya kuegemea upande mmoja. Mwaka 1963 Downey na mtafiti mwingine, B. L. Harvey, walichapisha mbinu ya nusu mbegu. Mbegu ya rapa ina majani mawili ya akiba. Walikata moja, wakapima asidi mafuta zake kwa kifaa cha kromatografia ya gesi, na nusu iliyobaki, yenye mzizi mchanga, wakaipanda ikiwa majibu yalipendeza. Mbinu hiyo ilifaulu kwa sababu tu mafuta ni ya mtoto. Yangekuwa ya mama, kuikata punje moja moja kusingeonyesha tofauti yoyote katika mmea mmoja. Aina ya kwanza yenye erusiki kidogo, Oro, ilitoka mwaka 1968, na kizazi chake ndicho kinachouzwa leo kwa jina la kanola, erusiki ikiwa chini ya asilimia 2.

Mimea hii yote imenyimwa kitu, na hainyimwi bure. Linoleiki na linoleniki hazimo katika mafuta ya akiba tu, bali huzifanya tando za seli zibaki laini wakati wa baridi. Arabidopsis ina FAD2 moja pekee kwa mwili mzima, na ile iliyovunjika jeni hiyo hukua vizuri katika joto la kawaida lakini hufa ikiwekwa muda mrefu kwenye nyuzi 6. Alizeti imeokolewa na wingi wa nakala: ile iliyozimwa na Pervenets hufanya kazi katika mbegu, na majani na mizizi yana FAD2 nyingine zisizoguswa. Soya nayo ina mbili za kwenye mbegu, na ndizo zilizolengwa na kampuni ya Calyxt ya Marekani ilipozihariri kwa mkasi wa molekuli uitwao TALEN, ikapata oleiki ya takriban asilimia 80 kutoka 20, na kuanza kuyauza mafuta yake mwaka 2019.

Baridi na joto vina neno pia kwenye alizeti ya kawaida. FAD2 ya mbegu hupungukiwa nguvu joto linapopanda, hasa joto la usiku wakati punje zinajaa, hivyo mbegu ile ile hutoa oleiki nyingi zaidi kwenye uwanda wa joto kuliko kwenye nyanda za juu. Mbegu ya Record, ambayo wakulima wengi wa Singida na Dodoma wameizoea kwa miaka mingi, haina mafuta ya namna moja popote inapopandwa. Pervenets, kwa kuwa kimeng'enya chenyewe karibu hakipo, huyumba kidogo tu.

Imebaki kazi ya kuongeza jeni badala ya kuizima, na hapo ndipo ugumu unapoonekana. Mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo na ambao huota wenyewe kandokando ya njia nyingi Afrika Mashariki, una mafuta ambayo takriban asilimia 90 ni asidi ya risinoleiki, inayotafutwa sana kwa vilainishi vya mitambo. Kimeng'enya kinachoitengeneza ni ndugu wa karibu wa FAD2: kinaishika oleiki ile ile, mahali pale pale, ila badala ya kuweka kifungo maradufu kinabandika oksijeni na haidrojeni. Mwaka 1998 ilionyeshwa kwamba kubadilisha asidi amino nne tu kunaweza kuigeuza FAD2 ianze kufanya kazi ya mbarika. Kwa kuwa punje za mbarika zina risini, sumu kali, lingekuwa jambo la maana kuyapata mafuta hayo katika zao salama. Lakini jeni ya mbarika ilipotiwa katika Arabidopsis, risinoleiki na jamaa zake hazikuvuka asilimia 20 hivi. Kimeng'enya kilikuwepo, na vipakizi vya mwenyeji havikuitambua asidi hiyo ngeni. Ilipoongezwa jeni ya pili ya mbarika, ya kipakizi chake cha mwisho, kiasi kilipanda hadi karibu asilimia 30. Kanola iliyopewa mkasi wa kaboni 12 kutoka mti wa California, na kulimwa kibiashara mwaka 1995, ilikutana na tatizo la jamii hiyo hiyo: lauriki ilijaa kwenye nafasi mbili za pembeni za gliseroli na kuikwepa ya katikati, mpaka ilipoletewa kipakizi cha mnazi.